Cheti cha Ralph Heslop

Siku jina la Ralph Heslop lilipobandikwa kwenye orodha ya waliokufa maji, Ralph mwenyewe alikuwa nyumbani akilalamika kwamba supu ina chumvi.

Mkewe, Tamar, ndiye aliyekuwa mlangoni mwa ofisi ya Bwana Ord, mwenye meli, amebanwa katikati ya wanawake hamsini wenye shali vichwani, mvua ya Januari ikiwaingia shingoni. Karani alitoka na karatasi moja, akaipigilia misumari minne kana kwamba ingekimbia, akarudi ndani. Meli ya mvuke Isabella Ord, iliyotoka Bilbao na shehena ya mawe ya chuma, imepotea katika Ghuba ya Biskei. Mashua yake imeokotwa ikiwa imepinduka. Watu ishirini na wawili, hakuna aliyepona. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na kila jina lilipotajwa mtu alipiga kelele. Lilipotajwa la Ralph Heslop, mtia makaa, watu waligeuka kumtazama Tamar, wakamngoja apige yake.

Tamar hakupiga. Sisi wa uchochoro wake tulijua sababu, tukatazama viatu vyetu. Aliyepiga kelele alikuwa mwanamke mwingine kabisa, nyuma kule karibu na pipa la maji: Phoebe Dagg, mama wa watoto wawili. Alipiga mpaka akakaa chini kwenye tope. Wanawake wa mitaa mingine wakamtazama yeye, kisha wakamtazama Tamar, kisha wakanong'onezana, na kwa jinsi walivyovuta midomo ungejua wameshapata jibu lao.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Meli hiyo ilijengwa papa hapa mtoni kwetu South Shields, miaka kumi na minne kabla, na wanaume walimzoea hata wakamwita Bella na kumsema kama jirani mwenye kero. Alipeleka makaa Genoa, akarudi na shayiri ya Odesa. Alipeleka makaa Port Said, akarudi na mbegu za pamba. Hakupata kulala bandarini wiki nzima. Mwaka wake wa saba Bwana Ord aliona hachukui mzigo wa kutosha, akampeleka karakana, wakamkata katikati kama mkate na kumwongezea kipande cha futi thelathini. Mwili ukarefuka, boila zikabaki zilezile. Tangu hapo Bella hakugeuka bila kubembelezwa, na waliolipia urefu huo ni watia makaa kule chini, maana tanuri zilitaka makaa zaidi kwa mwendo uleule. Ralph alimlisha miaka tisa. Akatoka humo na kifua kinacholia kama mlango mbovu.

Mwezi wa Novemba Ralph alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Wakati huohuo Cuthbert Dagg, mumewe Phoebe, kijana mwenye nguvu za punda, alikuwa hapati meli. Kosa lake ni kwamba alimwambia nahodha wake wa mwisho nyama ina funza. Nahodha akamwandikia kwenye cheti cha safari kwamba anakataa kumsemea tabia. Ukiwa na cheti cha namna hiyo hakuna anayekuchukua, na ukikitupa, vilevile hakuna anayekuchukua. Basi Cuthbert aliazima cheti cha Ralph, akaenda kujiandikisha kwa jina la Ralph, na karani anayeandikisha watu mia kwa siku hakuinua hata macho. Nusu ya mshahara ilitoka kila mwezi kwa jina la Tamar, naye akaibeba ilivyo mpaka kwa Phoebe. Haya yalifanyika sana kwetu, hata na watu wa kanisani. Hakuna aliyejiuliza itakuwaje meli ikizama.

Na aliyetoa wazo hilo, jikoni, akikata vitunguu, alikuwa Tamar.


"Umekufa," Tamar alimwambia mumewe, akitundika shali iliyolowa.

Ralph aliweka kijiko chini. "Nani kasema?"

"Karatasi ya Ord. Bella amezama, wote wamekwenda, na wewe ni mmoja wao."

"Hata mzee Tulloch?"

"Hata Tulloch."

"Na yule mpishi wa Malta? Yule mfupi?"

"Wote, Ralph. Nimesema wote. Na Cuthbert."

Ralph alifunika uso kwa mikono yake iliyojaa makovu ya moto, akalia kwa sauti, bila kuona haya. Tamar alimwacha alie. Naye alilia kidogo, ameelekea ukuta. Maji yalipochemka alipangusa macho, akamwekea viatu mbele yake.

"Sasa vaa. Twende ofisi ya mabaharia ukaseme uko hai, na aliyekufa ni Cuthbert."

"Kesho."

"Kwa nini kesho?"

"Watanifunga, Tamar. Kuazimisha cheti ni kesi. Na nikitoka jela, nani atanipa kingine? Mimi sijui kitu isipokuwa koleo."

"Koleo lenyewe huliwezi! Ngazi ya nyumba yako mwenyewe unaipanda kwa vituo kama askofu!"

"Joto likija kifua kitapona."

"Joto likija utakuwa umeshaombewa, mwanamume! Jumapili wanasoma majina kanisani. Watakusoma wewe. Watu watakuimbia nyimbo za msiba, wewe umekaa hapa unatafuta chumvi kwenye supu. Na Cuthbert hatasomwa popote. Atakuwa hakufa. Atakuwa amemkimbia mkewe."

"Kesho, nimesema. Niache niwalilie rafiki zangu leo."

Hapo Tamar aliacha kumsukuma, na si kwa huruma tu. Kama Ralph angesimama mbele ya karani, karani angeuliza hili lilianzaje. Alichukua lile bakuli la supu, akaongeza maji, akalirudisha mezani kwa kishindo.


Kesho ilifika, Ralph akaamka na homa. Homa ilikuwa ya kweli, ndilo lililomuudhi Tamar zaidi. Asingeweza hata kumwita mwongo.

Phoebe hakungoja mtu. Aliwaacha watoto kwa mama mkwe, akaenda ofisi ya mabaharia peke yake. Karani wa pale, Bwana Stobbs, alikuwa mtu wa kalamu safi na kola safi, anayezungumza na watu huku akitazama juu ya vichwa vyao. Phoebe alimweleza yote. Bwana Stobbs akapitisha kidole kwenye orodha.

"Dagg hayumo."

"Ndiyo ninavyokueleza, bwana. Alikwenda kwa jina la Heslop."

"Heslop yumo. Ana mke. Mkewe anachukua nusu mshahara kila mwezi, ameweka sahihi hapa, tazama. Wewe ni nani kwa Heslop?"

"Si kitu kwa Heslop! Mume wangu ni Cuthbert."

"Bibi," alisema Bwana Stobbs, akishusha sauti, jambo lililofanya foleni nzima inyamaze ili isikie, "kila meli inayozama huniletea wake wawili wa mtu mmoja. Mimi sihukumu. Lakini ofisi inamtambua mmoja. Nenda nyumbani, usijiaibishe zaidi."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Phoebe alikwenda kwenye kamati ya misaada, ambako mabwana na mabibi wa mjini walikuwa wakikusanya michango ya wajane. Habari zilikuwa zimemtangulia. Walimwambia fungu ni la wajane, wakalitamka neno hilo herufi kwa herufi, na wakampa kijitabu cha maombi kwa ajili ya wanawake walioteleza.

Alasiri alibisha hodi kwa Tamar, akaweka kile kijitabu mezani.

"Nisomee, Tamar. Mimi sijui kusoma. Wamesema kitanifaa."

Tamar alisoma mstari wa kwanza, akakitia jikoni, kikawaka. "Hakina maana. Kimeandikwa na mtu aliyeshiba."

"Nataka Ralph aende."

"Atakwenda."

"Lini? Mwenye nyumba ameniuliza mume wangu yuko wapi, nikasema amekufa, akasema mbona jina lake halipo. Mama mkwe naye ameniuliza swali hilohilo. Mamake mwenyewe, Tamar! Anamtazamia aingie mlangoni wakati wowote. Amemwekea sahani."

Kutoka chumbani Ralph alikohoa, kikohozi kirefu kisicho na mwisho. Phoebe aligeuza uso kuelekea mlango ule, akausikiliza mpaka ukanyamaza. Alijifunga shali, akaondoka.

"Ilikuwa nani?" Ralph aliuliza.

"Mtoza kodi," alisema Tamar, kwa hasira ya kujua kwamba anadanganya bure.


Alhamisi alikuja Bibi Shadforth wa kamati, bila taarifa, na kofia yenye manyoya iliyogonga mlango. Tamar alipata nafasi ya kumsukuma Ralph ndani ya stoo ya makaa tu. Alimsukuma na blanketi lake, akafunga.

Bibi Shadforth aliweka gauni jeusi juu ya kiti. Lilinuka dawa ya nondo. Kisha, bila kuombwa wala kuomba, alifunua chungu.

"Nyama?"

"Mfupa, bibi."

"Mfupa wenye nyama. Tunapenda kujua, Bibi Heslop, kwa sababu wanaotoa michango wanapenda kujua. Unakunywa pombe?"

"Nikiipata."

Bibi Shadforth aliandika. "Na marehemu alikunywa?"

"Marehemu anakunywa kama wenzake."

"Alikunywa," Bibi Shadforth alimsahihisha kwa upole. "Ni vigumu mwanzoni, najua. Alikuwa mwenye bidii?"

Tamar alikuwa amelala saa tatu kwa siku mbili. Alitazama mlango wa stoo. "Alikuwa mtu wa kesho, bibi. Ukimwambia leo, atakwambia kesho. Ukimwambia viatu hivi hapa, atakwambia anaumwa. Nimeishi naye miaka kumi na sita na sijamwona akiwahi kitu isipokuwa chakula."

"Usiwaseme vibaya waliotangulia."

"Laiti angetangulia hata siku moja! Kila mara mimi ndiye ninayemvuta."

Bibi Shadforth alianza kufikiri kwamba huyu ameguswa akili na majonzi, akaandika hivyo. "Gauni hili utalivaa Jumapili. Utakaa benchi la pili. Wajane kumi na watatu, mbele ya Meya. Na kuna jambo jingine lisilopendeza. Kuna mwanamke anaitwa Dagg. Amekuwa akizunguka na kudai... nisingependa kulitamka. Kamati imeamua azuiwe mlangoni, usije ukaonana naye."

"Azuiwe?"

"Polisi mmoja atatosha."

Ndipo vumbi la makaa lilipofanya kazi yake. Kikohozi kilianza kidogo, kikajizuia, kikashindwa, kikalipuka mpaka mlango wa stoo ukatetemeka.

Kalamu ya Bibi Shadforth ilisimama. "Nani huyo anayekohoa?"

Tamar angeweza kusema mpangaji. Angeweza kusema kaka, au mbwa. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, na gauni lile jeusi lilikuwa la sufu nzuri ambayo asingeweza kuinunua maishani mwake. Lakini alimwona Phoebe Dagg akishikwa mkono na polisi kwenye ngazi za kanisa, watu wakitazama, na uvumilivu ukamwisha.

"Marehemu," alisema, akafungua mlango.

Ralph alitoka mweusi tii kuanzia nywele, blanketi mabegani. "Samahani, bibi," alisema. "Ni kifua."

Ilimchukua muda Bibi Shadforth kuelewa, na alipoelewa alichukua gauni lake kwanza. Alisema ni wizi. Alisema ni kufuru. Alisema Bwana Stobbs atajua leo hii na mahakimu kesho. Tamar alimfungulia mlango na kumwinamishia ile kofia isigonge.

"Mwambie Bwana Stobbs asiondoke ofisini," alisema. "Kesho asubuhi tunakuja wenyewe."


Walikwenda watatu. Ralph alipumzika mara tano njiani, na kila alipopumzika Phoebe alisimama mbali kidogo, akitazama mto. Foleni ilikuwa ileile, macho yaleyale.

"Jina," alisema Bwana Stobbs.

"Ralph Heslop."

"Amekufa."

"Ni mimi."

"Nimeletewa habari ya mchezo wenu. Mtu yeyote anaweza kuja hapa akasema yeye ni Heslop. Orodha imeshakwenda London."

"Basi waandikie London," alisema Tamar, "uwaambie anakukoholea mezani."

"Mama, nyamaza. Kama huyu Dagg alikuwemo, leteni shahidi aliyemwona melini."

"Mashahidi wote ishirini na mmoja wako chini ya bahari pamoja naye, bwana. Tumwite yupi?"

Mtu yuleyule aliyecheka Jumatano alicheka tena, safari hii si kwa kumcheka Phoebe. Bwana Stobbs aliona haya. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa karatasi, si mtu mbaya, alikumbuka karatasi. Kila meli ikiondoka, mkataba wa mabaharia hutengenezwa mara mbili. Mmoja huenda na meli, mmoja hubaki kabatini. Alifungua kabati, akapekua, akatoa ule wa Bella wa Novemba, na chini yake ule wa Mei, safari ya mwisho ya Ralph.

"Andika jina lako hapa," alimwambia Ralph, akimpa kalamu.

Ralph alifundishwa kuandika na walimu wa kanisani akiwa mdogo, na herufi H aliipenda mno. Aliichora yote, na mkia wake. Bwana Stobbs aliilinganisha na ile ya Mei. Zilikuwa ndugu. Kisha akageuza ule wa Novemba. Mbele ya jina la Ralph Heslop, lililoandikwa na karani, hapakuwa na sahihi. Palikuwa na msalaba wa wino, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, kama anavyoweka mtu asiyejua kuandika.

Kwa mara ya kwanza Bwana Stobbs alimtazama Phoebe usoni.

"Mumeo alijua kuandika?"

"Hapana, bwana."

"Basi," alisema. "Basi." Akavuta karatasi mpya. "Heslop, ukiweka sahihi maelezo haya utafika mbele ya hakimu Jumanne. Sina namna. Na cheti hutapewa tena, hapa wala bandari nyingine. Umeelewa?"

Ralph alitazama dirishani, kule meli zilikopanga dohani zake mtoni. Hakuna aliyemharakisha, hata Tamar. "Nimeelewa," alisema.

"Wazo hili lilikuwa la nani?"

"Langu," alisema Ralph upesi, kabla Tamar hajapumua. Katika miaka kumi na sita hakuwa amewahi kujibu swali kwa haraka namna ile. Akaweka sahihi.

Bwana Stobbs alitaka kukata jina na kuandika jipya. Phoebe alimwomba angoje. Akanyoosha kidole, akauliza kama inaruhusiwa, akaugusa ule msalaba, mguu mrefu kwanza, kisha mfupi. Ndipo Cuthbert Dagg, mtia makaa, akaandikwa miongoni mwa waliokufa, na mkewe akapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba ni mjane. Aliipokea kwa mikono miwili.


Nje upepo ulikuwa mkali. Ralph alikaa kwenye gogo la kufungia kamba, akavuta pumzi. Tamar alisimama, akatembea hatua mbili, akarudi.

"Amedanganya mle ndani," alimwambia Phoebe. "Halikuwa wazo lake. Yeye hana mawazo, unamjua. Ni mimi. Nilikuwa jikoni nikasema, Cuthbert ana nguvu hana cheti, huyu ana cheti hana nguvu. Mimi ndiye niliyemwita mumeo nikamweka kitini. Ukitaka kunitukana, nitukane. Ukitaka kupiga, piga, watu hawa watazame. Nimechoka kungoja."

Phoebe alikunja karatasi yake, akaiweka kifuani.

"Najua ni wewe," alisema. "Alirudi nyumbani siku ile anaruka kama mtoto. Akasema, Tamar Heslop amenipatia meli. Tulipiga magoti sote wanne, na watoto, tukakuombea wewe. Kila usiku tulikuombea, mpaka usiku wa Jumatatu, kabla ya ile karatasi."

Alisema hivyo bila ukali wowote, akaenda kumwambia mama mkwe. Tamar alibaki na mkono wake hewani, ameunyoosha na hakujua kwa nini. Ilibidi Ralph amwite mara mbili kwamba kumekuwa baridi, ndipo akaushusha.